Sentimita Chache za Kwanza

Chukua njia ya shaba ya sentimita 5 kwenye bodi ya kijani ya kawaida, ile iliyomo ndani ya chaja, redio na rimoti. Pitisha humo ishara ya gigahezi 12, masafa ambayo madishi ya televisheni hupokea, na kiasi cha asilimia 40 ya nguvu yake itageuka joto kabla haijafika mwisho wa njia. Pitisha ishara ya megahezi 868, inayotumiwa na vihisi vya LoRa mashambani, na njia hiyohiyo itakula chini ya asilimia 4. Hesabu hizi ni za nyenzo ya bodi peke yake. Shaba nayo ina deni lake, na tutalifikia.

Tofauti hiyo inawachanganya wengi wanaobuni vifaa vya mawasiliano hapa Kenya. Yuko anayetumia bodi ya kijani kwa kila kazi kwa sababu ndiyo rahisi kupata, kisha anashangaa kifaa kilichofanya kazi vizuri mezani kikishindwa kilomita moja kutoka mnara. Yuko pia aliyesikia kwamba bodi za kijani hupoteza ishara, akaagiza nyenzo ghali kuliko zote kwa bodi nzima, pamoja na sehemu inayobeba betri na swichi. Wote wawili wamechagua kabla ya kuuliza ishara ina udhaifu kiasi gani hapo inapopita. Hoja yangu ni kwamba fedha za bodi ziende kwenye sentimita chache za kwanza, pale ishara inapoingia kutoka antena. Na katika Bonde la Ufa, namba moja kwenye karatasi ya kiwanda haitoshi kuamua, kwa maana baridi yetu ya usiku, unyevu na salfa ya ardhini navyo vina sauti katika uamuzi huo.

Mai Mahiu panafaa kulijadilia jambo hili kwa sababu masafa karibu yote yanakutana hapo. Malori yanashuka mteremko kutoka Limuru yakiwa na vifaa vya kufuatilia mizigo. Minara ya simu imepangwa ukingoni mwa bonde. Juu ya mabati ya vibanda kuna madishi ya televisheni, na tangu Julai 2023, Starlink ilipoanza kuuzwa nchini, yapo pia mabamba meupe yanayotazama angani. Upande wa Naivasha, mashamba ya maua yana vihisi ndani ya nyumba za kioo na plastiki. Na mbele kidogo, chini ya Mlima Longonot, kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kilibeba sauti ya nchi nzima kwenda nje.

Kituo cha satelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, kikiwa cha kwanza Afrika Mashariki. Kabla yake, simu za kwenda Ulaya zilitegemea redio ya masafa mafupi, ambayo ilipotea na kurudi kadiri hali ya anga ilivyopenda. Kituo kilielekeza dishi lake kwenye satelaiti ya shirika la Intelsat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, umbali wa takriban kilomita 36,000, kikipokea kwa gigahezi 4 na kurusha kwa gigahezi 6. Vituo vikuu vya Intelsat vya wakati ule vilihitaji madishi ya kipenyo cha takriban mita 30, lakini kipimo cha Intelsat hakikuwa ukubwa wa dishi. Kilikuwa uwiano kati ya nguvu ya antena kukusanya ishara na kelele ya mfumo mzima, na kiwango chake kilikuwa desibeli 40.7. Kwa dishi la mita 30, hiyo ina maana kelele yote, ya anga, ya ardhi na ya vyombo vyenyewe, isizidi kelvini 100 hivi.

Kelele hiyo ndiyo ufunguo wa suala zima la bodi, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache madukani na hata madarasani. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya redio yasiyo na mpangilio. Njia inayopoteza ishara inaumiza mara mbili: inapunguza ishara, kisha inaongeza kelele ya joto lake yenyewe. Upotevu wa desibeli 0.1 tu kabla ya amplifaya ya kwanza huongeza kelvini 7. Desibeli 0.5 huongeza 35. Katika kituo chenye bajeti ya kelvini 100, desibeli nusu iliyopotea mahali pabaya ingekula theluthi ya bajeti, na fidia yake ingekuwa kujenga dishi kubwa zaidi, maelfu ya kilo za chuma, kwa sababu ya waya mfupi. Ndiyo maana vituo vya kizazi hicho vilipoza amplifaya zao za kwanza kwa heliamu na kuziweka karibu kabisa na koo la antena.

Ishara ikishapita amplifaya ya kwanza na kukuzwa mara elfu, hesabu inabadilika kabisa. Desibeli 0.5 inayopotea baada ya hapo inaongeza sehemu ndogo sana ya kelvini moja. Waya uleule na hasara ileile havina tena uzito. Sheria hii haikubadilika dishi liliposhuka kutoka mita 30 hadi sentimita 80, wala kebo za baharini kama SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 na kuiondolea satelaiti mzigo wa mawasiliano ya nchi. Imehamia tu kwenye bodi.

Ukitaka kuiona kwa macho, fungua LNB iliyokufa, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Mafundi wa dishi huwa nazo chungu nzima. Chini ya kifuniko cha plastiki kuna gamba la chuma lenye kuta nyembamba ndani yake, na kati ya kuta hizo imelala bodi isiyofanana na ile ya rimoti: nyembamba, mara nyingi ya rangi ya maziwa au krimu, inayopinda kidogo ukiibonyeza. Kwenye bomba la duara linalopokea mawimbi kuna ncha mbili za shaba zilizokaa pembe mraba, moja kwa mawimbi ya wima na nyingine kwa ya mlalo. Mbele ya kila ncha, kwa umbali wa sentimita moja au pungufu, imesolidiwa transista ndogo kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo amplifaya ya kwanza. Kisha yanafuata maumbo yanayoshangaza mara ya kwanza: vipepeo vya shaba visivyounganishwa na kitu, vijia vilivyopangwa sambamba bila kugusana. Hayo ni vichujio, na kazi yao inafanywa na shaba pamoja na nyenzo iliyo chini yake. Katika LNB za zamani utakuta pia vidonge vya kauri chini ya skrubu. Vidonge hivyo ndivyo vilivyotoa masafa ya gigahezi 9.75 na 10.6 yanayoshusha ishara ya angani hadi ile inayoingia kwenye king'amuzi kwa kebo.

Sanduku la LNB huandikwa kelele ya desibeli 0.1 kwa herufi kubwa. Sentimita moja ya bodi ya kijani kati ya ncha na transista ingepoteza takriban desibeli 0.46 kwa gigahezi 12, yaani kelvini 32 za ziada, na namba ya kwenye sanduku ingebaki kuwa maandishi. Kwa hiyo hata katika kifaa cha bei ya chini namna hii, kiwanda kinacholiheshimu jina lake hununua nyenzo bora kwa bodi hiyo ndogo. Kinaminya gharama kwingine, hapo hakiminyi.

Sasa nyenzo zenyewe. Karatasi za viwanda hutoa namba mbili za msingi. Ya kwanza, Dk, huonyesha jinsi nyenzo inavyopunguza mwendo wa wimbi na hivyo kuamua upana wa njia na urefu wa antena. Ya pili, Df, huonyesha sehemu ya nguvu inayopotea kila wimbi linapotikisa nyenzo. Upotevu unapanda sambamba na masafa na sambamba na Df: ongeza masafa mara mbili, desibeli zinaongezeka mara mbili. Bodi ya kijani, inayoitwa FR-4, ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa epoksi. Dk yake ni kati ya 4.2 na 4.6 kutegemea kiwanda, na Df yake ni 0.02 hivi. RO4003C ya kampuni ya Rogers, mchanganyiko wa resini ya haidrokaboni, vumbi la kauri na kioo, ina Dk 3.38 na Df 0.0027 kwa gigahezi 10. Ndugu yake RO4350B ina 3.48 na 0.0037. Juu yao kuna jamii ya tefloni: RO3003 yenye Dk 3.00 na Df 0.0010, na RT/duroid 5880 yenye 2.20 na 0.0009. Ile njia ya sentimita 5 iliyopoteza asilimia 40 kwenye FR-4 hupoteza asilimia 6 kwenye RO4003C, na chini ya 2 kwenye 5880.

Sababu iko kwenye molekuli. Epoksi imejaa vikundi vyenye upande chanya na upande hasi, na kila wimbi linapopita vinajaribu kugeuka kulifuata. Kwa megahezi chache vinawahi. Kwa mabilioni ya mizunguko kwa sekunde vinachelewa, na kuchelewa huko ndiko joto. Tefloni ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na florini pande zote kwa ulinganifu, hivyo hauna upande wa kushikwa na wimbi. Roy Plunkett wa DuPont aliikuta kwa bahati tarehe 6 Aprili 1938 alipokuwa akitafuta gesi ya majokofu, na hadi leo hakuna nyenzo nyingi za kuchapishia saketi zinazoipita kwa kutopoteza ishara.

Florini hiyo hutoka kwenye jiwe liitwalo florspa, na Kenya ilikuwa mchimbaji wake kwa miongo kadhaa. Mgodi wa Kimwarer, katika Bonde la Kerio, ulisafirisha florspa kupitia Mombasa hadi ulipofungwa mwaka 2016 bei ya dunia ilipoanguka. Florini ileile iko kwenye maji ya visima vya Nakuru na Naivasha, na imeyatia meno ya watoto wengi rangi ya kahawia. Tuliuza jiwe kwa tani na tunanunua bodi kwa sentimita za mraba. Linaniuma, nalo linastahili makala yake.

Kwa kusoma namba za Dk na Df peke yake, mtu angesema tefloni iliyotiwa nyuzi za kioo ndiyo jibu la kila kazi ya masafa ya juu. Katika bonde letu ningemwambia asubiri. Tefloni ina tabia ambayo karatasi nyingi huitaja kwa mstari mmoja: kwenye nyuzi 19 za Selsiasi hivi, fuwele zake hubadili mpangilio, ujazo wake unaongezeka, na Dk inaruka ghafla badala ya kubadilika taratibu. Kwa mtu wa Singapore, ambako joto haliko mbali na 30 usiku na mchana, hilo ni jambo la maabara. Kwenye sakafu ya bonde kati ya Mai Mahiu na Naivasha, usiku hushuka hadi nyuzi 10 au pungufu, na adhuhuri hufika 25 na zaidi. Ndani ya kisanduku kilichopigwa na jua ni zaidi ya hapo. Bodi iliyo nje inavuka nyuzi 19 kila asubuhi na kila jioni, mwaka mzima.

Madhara yake yanategemea kazi. Njia ya kawaida ya kupitisha ishara haitajali. Kichujio chembamba kitajali sana, kwa kuwa masafa yake hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha Dk. Dk ikiruka kwa nusu asilimia tu, kichujio cha gigahezi 12 kinahama megahezi 30, karibu upana wa transponda moja ya televisheni. Mtu atapima kifaa saa nane mchana, kiwe sawa, na mteja apige simu saa kumi na moja alfajiri kusema kimekatika. Kwa hiyo kwa vichujio na antena za kipimo sahihi zitakazokaa nje katika bonde hili, ningechagua tefloni iliyojazwa kauri, kama RO3003, ambayo ilitengenezwa kwa makusudi kuondoa mruko huo, au jamii ya RO4000, ambayo Dk yake hupanda polepole. RO4003C hubadilika sehemu 40 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Joto likipanda nyuzi 40, kichujio kilekile kitahama megahezi 10 hivi, tena taratibu, na mbunifu anaweza kuacha nafasi hiyo tangu mwanzo.

Unyevu unafuata. Maji yana Dk karibu 80 na yanapoteza ishara vibaya kwenye gigahezi, hivyo maji machache yaliyonyonywa na bodi yanatosha kuharibu hesabu. FR-4 hunyonya zaidi ya asilimia 0.1 ya uzito wake; RO4350B hunyonya 0.06, na 5880 0.02. Kihisi kinachokaa ndani ya nyumba ya mawaridi, ambamo hewa imejaa mvuke wakati mwingi, kinapaswa kubuniwa kwa Df ya bodi iliyolowa. Yule anayetumia megahezi 868 ataliona badiliko dogo tu, na kupaka bodi vanishi ya kinga kutamtosha. Anayetumia gigahezi 5.8 kuunganisha ofisi ya shamba na mnara ana sababu ya kuhofu.

Turudi kwa deni la shaba. Kwa masafa ya juu umeme haupiti katikati ya shaba, unapita kwenye ngozi yake. Kwa gigahezi 1 ngozi hiyo ina kina cha mikromita 2. Kwa 12 ina mikromita 0.6. Na viwanda huparuza upande wa chini wa karatasi ya shaba ili ushike resini, upande huohuo ambao ishara hupenda kupitia kwa kuwa unatazama ardhi ya saketi. Ikiwa vilima vya mparuzo ni vya mikromita 2 au 3, umeme unapanda na kushuka mabonde marefu kuliko kina cha njia yake. Hesabu za zamani za mhandisi Hammerstad zinaonyesha kwamba ukwaruzo unaweza kukaribia kuongeza hasara ya shaba maradufu. Ndiyo maana kununua nyenzo yenye Df ya 0.001 ikiwa na shaba ya kawaida ni kulipia mlango na kuacha ukuta wazi. Nyenzo ya kiwango hicho inahitaji shaba laini, iliyosukumwa kwa rola au iliyopakwa kwa utaratibu wa ukwaruzo mdogo. Kwa RO4350B, ambayo Df yake si ndogo kupindukia, tofauti haionekani sana chini ya gigahezi 6, na mtu anaweza kuokoa fedha zake.

Juu ya shaba huwekwa tabaka la kuzuia kutu, na hapa jiografia yetu inaingia tena. Vitabu vya masafa ya juu husifu fedha iliyozamishwa, kwa sababu fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba na haina nikeli. Dhahabu juu ya nikeli ndiyo iliyozoeleka zaidi, lakini nikeli yake, yenye unene wa mikromita 3 hadi 6, ina sumaku na ukinzani mkubwa, hivyo huongeza hasara. Ushauri wa vitabu unafaa Ulaya. Kusini mwa Ziwa Naivasha kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipowashwa mwaka 1981, na mvuke huo hutoka na hidrojeni salfaidi. Harufu ya yai bovu inayokupokea katika mbuga ya Hell's Gate ni gesi hiyohiyo. Fedha ikikutana nayo hugeuka salfaidi nyeusi, na kwenye hewa yenye unyevu salfaidi hiyo hutambaa juu ya bodi na kuziunganisha njia zisizopaswa kuunganishwa. Shaba tupu nayo haisalimiki.

Kwa kifaa kitakachokaa karibu na visima vya mvuke, nachagua dhahabu juu ya nikeli bila kusitasita, pamoja na kisanduku chenye mpira wa kuzuia hewa. Hasara ya nikeli huwa ndogo kuliko inavyohofiwa iwapo njia ni ya kawaida juu ya bodi yenye ardhi chini yake, kwani sehemu kubwa ya umeme hupita upande wa chini ambao nikeli haiufikii. Inakuwa kubwa pale njia inapobanwa na ardhi pembeni zake, kwa sababu hapo umeme hukimbilia kingo, na kingo ndizo zilizopakwa. Mbunifu anayejua hilo atabadilisha umbo la njia kabla hajabadilisha dhahabu. Aondoe pia rangi ya kijani juu ya njia ya ishara, maana rangi hiyo ina Df ya jamii ya FR-4.

Kuhusu kitambaa cha kioo nitasema kwa ufupi: nyuzi zina Dk karibu 6 na resini karibu 3, hivyo njia inayopita juu ya nyuzi inakwenda polepole kuliko inayopita kati yao. Ni shida ya njia pacha za data ya kasi, za seva na swichi za mtandao. Kitambaa kilichotandazwa, au kuchora njia kwa pembe kidogo dhidi ya nyuzi, huipunguza.

Kuna pia uwezo wa kiwanda. Wabunifu wengi wa Nairobi, Nakuru na Nyeri huagiza bodi zao Shenzhen, na viwanda vya huko vinatoa FR-4 kwa bei inayoshangaza kwa udogo, lakini havisemi epoksi ni ya nani. Dk inaweza kutofautiana kwa asilimia 10 kati ya agizo na agizo, na antena iliyochorwa kwa gigahezi 3.5 ikahama kwa megahezi 175, yaani nje kabisa ya masafa yake. Wengi hudhani walikosea kuchora. Tefloni nayo ni laini, shaba haishiki ukutani mwa matundu yake bila kuoshwa kwa sodiamu au plazma, na 5880 hupanuka kwa unene sehemu 237 kwa milioni kwa kila nyuzi, dhidi ya 17 za shaba iliyo ndani ya tundu. Bodi ya tabaka nyingi itakayopashwa na jua na kupozwa na usiku wa bonde kila siku inaweza kukatika matunduni. RO4000 ilipendwa duniani kwa sababu viwanda vya FR-4 huitoboa na kuipaka kwa mashine zilezile.

Njia inayofaa zaidi kwa mifuko yetu ni mseto: tabaka la juu la RO4350B au RO4003C kwa ishara ya antena, na tabaka za chini za FR-4 kwa betri, kompyuta ndogo na data ya polepole. Kwa LoRa na vifaa vya kufuatilia malori, FR-4 yatosha kabisa, na anayeuza nyenzo nyingine hapo anauza jina. Kwa gigahezi 2.4 yatosha pia kama njia ni ya sentimita moja au mbili. Kati ya 3 na 6 ndipo uamuzi ulipo mgumu: kwa kurusha, hasara inalipwa na betri, kwa kupokea ishara dhaifu, nyenzo bora inalipa. Kuanzia 10 kwenda juu sioni hoja ya FR-4 kwa njia ya antena.

Kuna kazi moja ambayo ningependa wahandisi wetu waipe uzito. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika eneo la Old Kijabe yalishuka kwa kishindo hadi kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, na kuua makumi ya watu usingizini. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Kina cha maji nyuma ya tuta kama lile kinaweza kupimwa na rada ndogo iliyoning'inizwa juu, isiyogusa maji wala kuchukuliwa na magogo, na kuripoti kila dakika kwa LoRa au simu. Rada za namna hiyo hufanya kazi kwenye gigahezi 24 na 80, na hapo bodi ndiyo antena yenyewe. Kwa 24, FR-4 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila sentimita, RO4350B 0.15. Kwa 80, FR-4 hupoteza nusu ya nguvu kwa kila sentimita, na RO3003 hupoteza karibu desibeli 0.13, kabla ya kuhesabu shaba, ambayo kwa masafa hayo inazidi nyenzo hiyo.

Mbunifu wa Nakuru hana budi kupima badala ya kuamini karatasi, na kipimo chake si kigumu. Kwenye ukingo wa kila agizo achore njia mbili za upana mmoja, moja ya sentimita 3 na nyingine ya 13, kisha apime tofauti yake kwa kipima-mtandao cha bei nafuu. Viungio vya pande zote mbili vinafutana kwenye hesabu, na inabaki hasara ya sentimita 10 za bodi ile, ya kiwanda kile, mwezi ule. Aiweke bodi usiku mmoja nje na kuipima tena kabla jua halijatoka. Vipima vya bei hiyo vinaishia gigahezi 3 hadi 6, ambavyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi zetu. Kwa rada ya maji havifiki, ila hapo teknolojia imetusogezea mlango: Texas Instruments na Infineon sasa zinauza vidude vya rada vya gigahezi 60 vyenye antena ndani ya kifungashio chenyewe, ambamo zile sentimita chache za kwanza zimekuwa milimita zilizokwisha kulipiwa kiwandani, na bodi inayokibeba kidude inaweza kuwa FR-4 ya kijani iliyoagizwa kwa bei ya kawaida.